Swali la Aina Liulizwe Mara Moja

Programu ninayoitunza ni ya mfanyabiashara wa samaki hapa Kirumba, Mwanza. Kiini chake ni klasi (kiolezo cha aina ya vitu ndani ya programu) iitwayo Bidhaa, ambayo chini yake wamo Sangara na Sato wanaopimwa kwa kilo, na Dagaa wakavu wanaohesabiwa kwa gunia. Mzigo unaposhushwa, programu hupokea Bidhaa bila kujua ni ya aina gani, na hulazimika kujua kabla ya kukokotoa bei.

Kwa miaka mingi Java, lugha ya programu ninayoitumia, ilitutaka tuulize aina, kisha tuirudie: unaandika if (b instanceof Sangara), yaani je, b ni Sangara, na mstari unaofuata unaigeuza b iwe ya aina hiyo kwa kuandika Sangara s = (Sangara) b. Jina moja linatajwa mara tatu katika mistari miwili, na kila linapotajwa pana nafasi ya kukosea. Mimi nilikosea. Nilinakili kipande cha sangara ili nikitumie kwa sato, nikabadilisha jina kwenye swali, nikaliacha la zamani kwenye mstari wa kugeuza aina. Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo, haikulalamika, kwa sababu kwa kadiri inavyojua yenyewe, Bidhaa yoyote yaweza kuwa Sangara. Alfajiri iliyofuata, tenga la kwanza la sato lilipowekwa kwenye mizani, programu ilisimama na kosa la ClassCastException, na karani akaandika stakabadhi kwa mkono hadi saa tatu asubuhi.

Tangu Java 16, iliyotoka Machi 2021, inatosha kuandika if (b instanceof Sangara s). Swali, ugeuzaji na jina jipya vimekuwa kitu kimoja, kwa hiyo mwanya niliotumbukia mimi haupo tena. Kigeu s, yaani jina jipya hilo, kinapatikana pale tu ambapo jibu limethibitika kuwa ndiyo: unaweza kukitumia baada ya && (na), lakini si baada ya || (au), na b ikiwa nuli, yaani haina kitu, jibu huwa hapana. Ukikanusha na kurejea mapema, yaani if (!(b instanceof Sangara s)) return;, basi s inabaki nawe katika mistari yote inayofuata. Huu ndio mtindo ninaoupenda zaidi, kwa kuwa hauurundiki msimbo ndani ya mabano juu ya mabano. Waandishi wa C#, lugha nyingine ya programu, walikuwa na namna hii tangu toleo la 7.0 la mwaka 2017, na sioni sababu ya sisi wa Java kuendelea kuandika kwa namna ya zamani.

Wapo wanaofundisha kwamba kuuliza aina ni dalili ya usanifu mbaya, na kwamba kila klasi ijibu yenyewe kupitia mbinu zake. Nakubaliana nao pale jambo linapokuwa la samaki mwenyewe, kama vile kipimo chake. Lakini mpangilio wa stakabadhi, ushuru na ripoti ya juma si mambo ya sangara, na kuyasukumia yote ndani ya klasi yake ni kuijaza mizigo isiyo yake.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, inatokana na kuifunga Bidhaa kwa neno sealed, linaloruhusu chini yake aina zilizotajwa tu, lililokamilishwa katika Java 17, na kuilinganisha kwa switch, yenye tawi kwa kila aina, jambo lililokamilishwa katika Java 21 mwezi Septemba 2023. Ninasisitiza kwamba switch ya namna hiyo isiwekewe default, yaani tawi la kupokea chochote kisichotajwa, kwa sababu default huificha aina uliyoisahau. Mfanyabiashara wetu alipoanza kununua mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara, ambayo hupangwa kwa madaraja kulingana na uzito wa kila moja, niliongeza aina ya Bondo, na kompaila ikakataa katika sehemu tatu. Ya bei na ya stakabadhi nilizitarajia. Ya tatu ilikuwa hesabu ya ghala, ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa, na niliirekebisha jioni ile ile, kabla bondo la kwanza halijafika mizani.