Huku Nilijieleza Mara Moja Tu

Jumanne nilifanya mtihani wangu wa kwanza huku Uingereza. Nilipofika kwenye meza yenye namba yangu, nikakuta karatasi imeshawekwa: herufi za ukubwa wa 18, karatasi ya rangi ya krimu isiyoumiza macho, na taa ndogo pembeni. Msimamizi alisogea akaninong'oneza kwamba muda wangu ni saa tatu na dakika 45, akaenda zake. Asubuhi ile sikuwa nimemwomba mtu yeyote chochote. Nilikaa kama dakika nzima naitazama ile karatasi kabla sijaifungua.

Mimi nina ualbino. Watu wakisikia hivyo wanawaza jua, ngozi na kofia pana, lakini darasani shida yetu kubwa ni macho, na miwani inasaidia kidogo tu, haimalizi. Mliosoma nyumbani Tanzania mnaijua picha: ukumbi umejaa, ubao mweupe unang'aa, mhadhiri anaandika huku kaufunika kwa mgongo wake, na ukinyoosha mkono unaambiwa, "Si usogee mbele?" Nilikuwa mbele. Nimekaa mbele tangu darasa la kwanza.

Nataka kusema jambo moja tu. Huku nilijieleza mara moja. Wiki ya kwanza nilikaa na mshauri wa wanafunzi wenye ulemavu, nikampa barua ya daktari, akaandika mpango wa ukurasa mmoja: slaidi nizipate siku mbili kabla ya kipindi, mtihani uchapwe kwa herufi kubwa, niongezewe asilimia 25 ya muda. Akautuma kwa wahadhiri wangu wote. Basi, yakaisha. Nyumbani, miaka mitatu, mihula sita, kila somo nilianza upya: kusubiri koridoni, hodi, shikamoo, kisha kuyaeleza macho yangu kwa mtu anayeangalia saa. Mmoja aliniambia akinipa muda wa ziada wenzangu watasema nabebwa. Nikaingia kwenye mtihani na kioo changu cha kukuzia maandishi, swali la mwisho sikulifikia, nikapata sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Hilo la kubebwa linaniuma mpaka leo. Chukua swali la mistari sita. Mwenzangu analipitia mara moja na kuanza kuandika. Mimi nasogeza kioo neno kwa neno, macho yanacheza yenyewe, napoteza mstari, narudi kuutafuta, naupata, napoteza tena. Zile dakika 45 za ziada ni za kuutafuta mstari. Jibu haziniandikii.

Najua kuna atakayesema, "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha." Ndugu yangu, sijasahau nilikotoka, na huku si peponi. Posho ambayo serikali hapa inawapa wanafunzi wenye ulemavu mimi mwenye viza ya masomo hainihusu. Jirani yangu wa bweni hajui hata jina langu. Nyumbani nilikuwa na rafiki aliyenisomea madesa, yaani notsi za masomo, usiku pale kwenye vimbweta, vile viti vya zege vya nje, ukurasa baada ya ukurasa, mbu wanamla, mpaka sauti inamkauka, na boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka tunagawana chipsi. Utu ule huku sijauona, na najivunia kwamba ni wa kwetu. Lakini mwaka wa pili, wiki ya mitihani, alishikwa na malaria akalazwa, nami nikabaki sina macho. Mzigo wa chuo ulikuwa umetwishwa binti wa miaka 21, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anauweza.

Mwingine atasema wenzetu wana sheria na wana hela. Sheria yao ya Usawa ni ya mwaka 2010. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, nayo ni ya mwaka 2010! Na mwaka 2009 Tanzania ilisharidhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inaitaja elimu ya juu waziwazi. Ila huku sheria inakidai chuo kijiandae kabla mwanafunzi hajafika getini, na vyuo vinajua kwamba vikizembea vinaweza kushtakiwa.

Kuhusu hela, nenda steshenari yoyote jirani na chuo, mwambie kijana wa fotokopi akutolee A4 kwenye A3. Atabonyeza asilimia 141, na herufi ya 12 itatoka karibu 17. Hiyo tu! Kumtumia CR, kiongozi wa darasa, madesa mapema ni bando la dakika moja. Kusoma kwa sauti unachoandika ubaoni hakuna gharama yoyote. Breli na wakalimani wa lugha ya alama ni ghali, nakubali, na hapo serikali iweke fungu. Lakini tusikimbilie kutaja ya ghali ili tupate sababu ya kuacha hata ya bure.

Wala sisemi kwetu hakuna vichwa. Dkt. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, alipoteuliwa naibu waziri mwaka 2015 nilikuwa sekondari, nikakata picha yake gazetini na kuibandika ndani ya tranka langu. Vichwa tunavyo. Kinachoniudhi ni kuona vikichoshwa koridoni.

Mdogo wangu naye ana ualbino, na ameanza mwaka wa kwanza. Nilimtumia ule mpango wangu wa ukurasa mmoja, tukabadilisha jina na masomo, akatoa nakala nne na kuzipeleka kwa mkono kwa wahadhiri wake wanne. Watatu wanamtumia madesa kwa WhatsApp kabla ya kipindi, na mmoja wao amemuuliza herufi ziwe kubwa kiasi gani. Wa nne amemwambia asogee mbele.