Mkondo wa amali: mtaala upo, karakana ziko wapi?

Januari 2024 kundi la kwanza la wanafunzi wa Kidato cha Kwanza liliingia kwenye mkondo wa amali, jina ambalo wazazi wengi walikuwa hawajawahi kulisikia. Shule zilizoanza hazikufika mia moja nchi nzima, na nyingi zilikuwa za binafsi. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo ndiyo inayoubeba mpango huo. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba. Elimu ya lazima inafika miaka kumi, hadi kidato cha nne. Sekondari nayo inagawanyika: kuna mkondo wa jumla tuliouzoea, na kuna wa amali, ambamo mwanafunzi anaendelea na masomo kama Hisabati, Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili huku akijifunza fani moja, iwe umeme, uashi, useremala, ushonaji, kilimo au nyingine. Anatarajiwa kumaliza akiwa na vyeti viwili, kimoja cha kidato cha nne na kingine cha ufundi stadi.

Mjadala haujatulia tangu hapo. Wapo wanaosema huu ndio mwisho wa kuzalisha vijana wenye vyeti wasioweza kushika hata bisibisi. Wapo wanaosema tunatengeneza shule za watoto wa maskini, wenye nacho wakiendelea kuwaandaa wa kwao kuwa madaktari na mawakili. Pande zote mbili zina hoja nzito, na kwa kadiri ninavyoufuatilia mjadala huu, zote zinatumia muda mwingi mno kubishania mtaala na kidogo mno kuuliza habari za karakana.

Nianze na wanaounga mkono, kwa mfano ambao mtu yeyote aliyejenga nyumba anaujua. Ukitaka kuingiza umeme, unamtafuta fundi wa mtaani. Anatandaza nyaya, anafunga swichi na soketi, na mara nyingi kazi yake ni safi. Ikifika siku ya kupeleka maombi TANESCO, fundi huyo hawezi kusimama kwa jina lake, maana fomu inataka saini na mhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Basi anatafutwa mtu mwenye leseni, ambaye huenda hata hakukanyaga kwenye nyumba hiyo, analipwa, anagonga mhuri. Aliyepanda ngazi na kutoboa kuta anaondoka na ujira wa kibarua, na mwenye karatasi anaondoka na fedha ya mhuri. Mwaka unaofuata ni vilevile. Wako mafundi waliofanya kazi kwa muda mrefu mno katika hali hii, wenye ujuzi kamili mikononi, lakini kwenye vitabu vya serikali hawapo. Hawawezi kuomba zabuni ya halmashauri, na benki ikiwauliza shughuli yao hawana cha kuonyesha.

Kwa hiyo kijana akitoka kidato cha nne akiwa na cheti cha fani ya umeme kinachotambulika, amepata kitu ambacho saidia fundi wa mtaani hukisubiri kwa miaka na huenda asikipate kabisa. Hoja hii ina uzito wake hata kama hakuna kiwanda kitakachomwajiri. Vijana wengi wanaomaliza kidato cha nne hawaendi cha tano, na mfumo wa zamani uliwaachia matokeo ya mtihani tu, mengi yakiwa ya daraja la nne na sifuri, kana kwamba miaka ile minne haikuwa na kazi nyingine ila kuwachuja.

Wanaopinga wanarudi kwenye historia, na historia hiyo inauma. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na miaka ya 1970 sekondari zetu zikagawanywa kwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na maarifa ya nyumbani. Shule kama Ifunda, Moshi na Tanga zilijenga jina kwa ufundi. Mwaka 1985 watafiti wa Benki ya Dunia, George Psacharopoulos na William Loxley, walichapisha utafiti ulioziangalia Colombia na Tanzania, na kwa upande wetu hawakuona kwamba waliosoma michepuo hiyo walipata faida ya wazi kwenye soko la ajira kuliko wenzao, ingawa kuwasomesha kuligharimu zaidi. Miaka ishirini kabla yao, mwaka 1965, mtafiti wa elimu Philip Foster alikuwa ameandika kuhusu Ghana kwamba wazazi wanaokimbilia elimu ya darasani hawana ujinga wowote: wanaangalia mishahara inalipwa wapi, wanaelekeza watoto huko. Kubadilisha ratiba ya shule hakuwezi kuwageuza ikiwa ofisi bado inalipa kuliko karakana.

Hoja ya Foster naiona ndiyo nzito kuliko zote za upande huu, na waungaji mkono wengi hawaijibu. Wanasema tu "tubadilishe mtazamo wa wazazi". Mzazi anayeuza mbuzi ili mwanawe asome ana hesabu zake, na hesabu hizo hazibadilishwi kwa semina. Lakini utafiti wa 1985 lazima usomwe pamoja na wakati wake. Mhitimu wa sekondari wa wakati ule alikuwa mmoja kati ya wachache sana, na serikali pamoja na mashirika yake ndio waliokuwa waajiri wakuu. Aliyesoma kilimo alipata kiti ofisini, aliyesoma ufundi naye akapata kiti ofisini, au akaendelea na masomo. Kwa nini basi angetofautiana na mwenzake? Leo viti hivyo haviko tena kwa mtu wa kidato cha nne. Kijana wa sasa anachagua kati ya bodaboda, kibanda cha miamala ya simu, shamba la wazazi na ufundi. Katika orodha hiyo ufundi wenye cheti unashindana vizuri.

Suala la tabaka haliishi kirahisi namna hiyo. Mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita, anamaliza la sita akiwa na kumi na miwili, na katika umri huo anapangiwa au anachagua fani. Sijui ni wangapi kati yetu tuliojua tunachotaka tukiwa na miaka kumi na miwili. Atakayekuja kutaka uhandisi akiwa na kumi na saba atahitaji Hisabati na Fizikia za kiwango kilekile cha mwenzake wa mkondo wa jumla, na akikuta vipindi vyake vilimezwa na kupiga randa, mlango umefungwa hata kama sera inasema uko wazi. Halafu kuna upangaji. Shule ya amali ikiwekwa kijijini ambako ndiyo sekondari pekee inayofikika kwa miguu, hakuna uchaguzi hapo. Jambo linalonipa moyo kidogo ni ule wingi wa shule za binafsi kwenye kundi la kwanza. Mzazi anayelipa ada ili mwanawe asome amali ni dalili kwamba dharau ya fani haiko sawa kwa kila mtu kama tunavyodhani.

Tuingie sasa karakana, mahali ambapo naona jambo lote litaamuliwa. Chukua somo la kuchomelea vyuma. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, na kwa vitendo huunganishwa viwili, dakika 80. Darasa lina wanafunzi 40. Shule ina mashine moja. Gawanya: kila mmoja dakika mbili. Ndani ya dakika hizo mbili avae kinga ya macho na glavu, abane kipande chake, na awashe. Mwanafunzi mgeni rodi yake itaganda kwenye chuma mara tatu za kwanza, maana bado hajajua umbali wa kuishikilia wala mwendo wa mkono, na mkono huo haufundishwi kwa maneno. Unapatikana kwa kuunguza rodi nyingi, kugonga gamba, kuutazama mshono, kuona pale ulipotoboka na pale ulipoelea juu bila kushika, kisha kurudia. Fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam ameunguza rodi hizo kwa maelfu. Mwanafunzi wa dakika mbili kwa wiki atatoka na cheti, naye akipewa geti la kutengeneza atamtafuta fundi wa mtaani amfanyie.

Hapo ndipo fedha inapoingia, na hasa fedha ya vitu vinavyoisha. Kujenga karakana kuna mfadhili, kuna mkandarasi, kuna utepe wa kukata. Rodi, mbao, nyaya, saruji, uzi, petroli ya jenereta na tupa zilizokwisha makali hazina mtu wa kuzizindua. Mpango wa Maendeleo wa Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, uliweka ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hesabu iliyopigwa kwa shule ya chaki, vitabu na daftari. Mwanafunzi wa useremala anaimaliza fedha hiyo kwa mbao chache tu. Shule isipopewa fungu lake la vifaa, mkuu wa shule ana njia mbili: awachangishe wazazi, jambo linalogongana na elimu bila ada, au mwalimu achore randa ubaoni. Wakenya wanaijua njia ya kwanza. Mfumo wao wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulileta ufundi hadi shule za msingi, na wazazi wakabebeshwa ujenzi wa karakana kwa harambee. Nyingi hazikupata vifaa, masomo yakalemea ratiba na mifuko, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mengi ya vitendo yakaondolewa. Mtaala wao haukuwa na ubaya wa kutisha. Kilichokosekana ni mtu wa kulipia misumari.

Wanaopinga wana swali lingine ambalo nalipenda: kwa nini tusiimarishe kwanza tulichonacho? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vya maendeleo ya wananchi viko 54, vingi vina karakana ambazo sekondari za kata haziwezi kuziota. Jibu la kawaida ni kwamba vyuo hivyo humpokea aliyekwisha kumaliza shule, na amali inamkuta akiwa bado darasani. Ni jibu la haki, ila halizuii kuunganisha. Shule ya amali iliyo jirani na chuo cha VETA haina sababu ya kusubiri mashine zake yenyewe. Wanafunzi wapelekwe kule siku nzima mara moja kwa wiki, wapate saa sita mfululizo badala ya zile dakika 80 za kukimbizana na kengele. Kwa shule zilizo mbali na chuo chochote, na hizo ni nyingi, ingekuwa busara kuchagua fani mbili zinazolingana na eneo na kuzihudumia ipasavyo kuliko kubandika orodha ndefu ya fani kwenye lango.

Walimu nao. Mtu mwenye shahada ya kufundisha ufundi anaweza kuwa hajawahi kulipwa na mteja kwa mlango alioutengeneza. Mtaani wako watu waliolipwa kwa milango mamia, na VETA tayari ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimishia ujuzi walioupata nje ya darasa. Sioni kwa nini fundi aliyepitia utaratibu huo asiingie shuleni kama msaidizi wa karakana, akilipwa kwa siku, mwalimu akibaki na nadharia na upimaji. Fedha? Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara, na sehemu yake huenda VETA. Mjadala wa sehemu iliyobaki kusaidia vifaa vya amali ungekuwa na maana kuliko huu wa nani anadharau fani.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kalenda. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na waliowatangulia wanaomaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa Kidato cha Kwanza kwa mpigo. Wilaya zitatafuta madarasa, madawati, vyoo na walimu kwa ajili ya wote hao, na kila mtu anajua fungu la kwanza kukatwa ni lipi. Kundi la kwanza la amali nalo linakaa mtihani wa kidato cha nne mwaka huohuo wa 2027. Yaani mpango utapimwa na umma katika miezi ambayo Wizara ya Elimu itakuwa na fedha kidogo kuliko wakati wowote ya kuutetea.

Bajeti itakayobeba yote mawili ni ya 2027/28, na Bunge litaijadili kati ya Aprili na Juni 2027. Kabla ya kikao hicho Wizara ichapishe, shule kwa shule, idadi ya mashine zinazofanya kazi, idadi ya wanafunzi kwa kila fani, na kiasi cha fedha ya vifaa vinavyoisha kilichofika shuleni kwa mwaka, ili wabunge wawe na cha kushika watakapofikia fungu la amali.