Beki wa Daraja la Tatu: Kwa Nini Namtetea Sean Dyche

Tarehe 4 Februari 2023, saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la kibanda umiza, bati juu, feni moja inazunguka kwa kusitasita, mashabiki wa Arsenal kila upande. Arsenal ndiyo iliyokuwa inaongoza Ligi Kuu ya England. Everton walikuwa wa pili kutoka mkiani, pointi 15 katika mechi 20, na kocha wao mpya, Sean Dyche, alikuwa na siku tano kazini. Jirani yangu, jamaa ambaye jezi yake imefuliwa mpaka namba mgongoni imebanduka, akanigeukia: "Kaka, leo mkono." Yaani tano bila.

Mimi wala si shabiki wa Everton. Nilimwambia tu kwamba yule mzee mwenye sauti ya mashine ya kusaga hawezi kufungwa tano siku ya kwanza. Tukawekeana soda.

Dakika ya 60 Dwight McNeil akapiga kona, James Tarkowski akapanda juu ya kila mtu, kichwa, wavuni. Moja bila, ikaenda hivyo hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Mpiga kona alikulia klabu ya Burnley. Mfungaji alijulikana akiwa Burnley. Na kocha aliyesimama kwenye mstari alikaa Burnley miaka tisa na nusu. Mwenye kibanda alipunguza sauti ya runinga bila kuombwa.

Tangu siku ile kila nikimtaja Sean Dyche naambiwa neno moja: butua butua. Kocha wa mipira ya juu. Kocha wa kupaki basi, yaani kujaza watu golini kwake. Mtu unayemwita nyumba ikiungua, moto ukizima unamwonyesha mlango. Sikatai kwamba timu zake hubutua, maana macho ninayo. Ninachokataa ni kumhukumu kana kwamba alikuwa na duka zima la kuchagua akaamua kubeba kibaya. Dyche anafundisha mpira aliouishi, na mpira aliouishi ulikuwa wa mtu asiye na cha ziada.

Alizaliwa Kettering mwaka 1971, akaingia Nottingham Forest akiwa kijana, enzi za Brian Clough, kocha aliyeipa klabu ile Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Dyche akavunjika mguu. Akaondoka Forest bila kucheza hata mechi moja ya timu kubwa. Kwa hesabu za kwetu, huyu ni yule kijana aliyechukuliwa na Simba au Yanga, akaumia, na mara ya pili unamsikia yuko timu ya mkoani, anasafiri kwa basi usiku kucha kwenda kucheza kwenye uwanja wenye vumbi. Mkoani kwake palikuwa Chesterfield, mji unaojulikana kwa kanisa lenye mnara uliopinda. Alifika mwaka 1990 na akakaa miaka saba.

Hapo naomba tutulie kidogo, kwa sababu kuna mchezo mmoja unaonieleza mtu huyu kuliko mahojiano yake yote. Nusu fainali ya Kombe la FA, Aprili 1997, uwanja wa Old Trafford. Chesterfield ya daraja la tatu dhidi ya Middlesbrough ya Ligi Kuu, yenye Juninho na Ravanelli. Middlesbrough wakabaki kumi uwanjani kabla ya mapumziko, Vladimir Kinder kadi nyekundu. Kipindi cha pili Andy Morris akafunga. Muda si mrefu huyo huyo Morris akaangushwa na kipa ndani ya boksi. Penalti. Sasa jiulize: timu ya daraja la tatu, Old Trafford imejaa, nani anauchukua mpira? Si mshambuliaji, si fundi wa katikati. Anauchukua sentahafu, yaani beki wa kati, nahodha, jamaa mwenye nywele nyekundu ambaye kazi yake ya kila Jumamosi ni kuokoa kwa kichwa. Akafunga. Mbili bila.

Baadaye, matokeo yakiwa 2-1, shuti la Jonathan Howard likagonga mwamba na kudondoka ndani ya mstari wa goli. Mwamuzi David Elleray hakulikubali. Ingekuwa 3-1 dhidi ya watu kumi. Mechi ikaisha 3-3 baada ya muda wa nyongeza, Jamie Hewitt akisawazisha kwa kichwa dakika za mwisho kabisa. Kwenye marudiano pale uwanja wa Hillsborough wakapigwa tatu bila, basi, hadithi imeisha. Huko Chesterfield naamini goli lile bado linazungumzwa vijiweni.

Mengine ya uchezaji wake nayapita mbio: Bristol City, Luton kwa mkopo, Millwall aliopanda nao daraja mwaka 2001, Watford, akamalizia Northampton walikopanda tena 2006. Zaidi ya mechi 400 za ligi. Ligi Kuu? Hata dakika moja.

Nilicheza sentahafu timu ya mtaa, na sikuwa na mbio. Beki asiye na mbio ana elimu yake. Kocha wetu, fundi seremala ambaye naye alikuwa beki, alikuwa anatutembeza uwanjani bila mpira, anatupa jiwe pembeni, anauliza: mpira uko pale, wewe umesimama wapi? Ukijibu hovyo unarudi mwanzo. Jua la saa kumi, jiwe, na watu wanne wanasogea pamoja kama wamefungwa kamba moja. Nilichukia mazoezi yale. Miaka mingi baadaye nikiangalia Burnley nikacheka peke yangu, maana ilikuwa ni lile jiwe, ila kwenye nyasi nzuri.

Ukocha wake wa timu kubwa ulianzia Watford mwaka 2011. Akamaliza wa 11 kwenye Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, wakaja wamiliki wapya, akatimuliwa. Hiyo ni ajali ya kazi. Oktoba 2012 Burnley wakamchukua baada ya kocha wao Eddie Howe kurudi Bournemouth.

Burnley ni mji ambao watu wake hawafiki laki moja. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na klabu yake imewahi kuwa bingwa wa England, 1921 na 1960, halafu umasikini ukaingia. Kiangazi cha 2013 wakamuuza mfungaji wao Charlie Austin. Msimu ule aliyenunuliwa kwa hela alikuwa mchezaji mmoja, Ashley Barnes, tena mwezi Januari. Wengine walikuwa wa bure, wa mkopo, au waliokuwepo. Danny Ings akafunga, Sam Vokes akafunga, wakamaliza wa pili kwa pointi 93 na kupanda Ligi Kuu. Msimu uliofuata wakashuka. Na hapa viongozi wa Burnley wa wakati ule nawavulia kofia: hawakumfukuza. Akapanda tena 2016 kama bingwa, pointi 93 zile zile, mechi 23 za mwisho bila kufungwa.

Halafu ukaja msimu wa 2017/18. Walianza kwa kumpiga bingwa mtetezi Chelsea 3-2 kwake. Septemba kipa Tom Heaton akaumia bega, akaingia Nick Pope, kijana aliyewahi kuachwa na Ipswich akaenda kucheza mpira wa ridhaa. Miezi kadhaa baadaye Pope alikuwa kwenye kikosi cha England cha Kombe la Dunia. Michael Keane alikuwa ameuzwa Everton kwa mamilioni. Nafasi yake akapewa Tarkowski, aliyekuwa amekaa benchi zaidi ya mwaka akijifunza. Mwisho wa msimu Burnley walikuwa wa saba. Magoli ya kufunga 36, ya kufungwa 39. Rudia kusoma. Timu imefungwa magoli mengi kuliko iliyofunga, na inakwenda kucheza Ulaya kwa mara ya kwanza tangu miaka ya sitini.

Walifanyaje? Mistari miwili ya watu wanne wanne, imebanana katikati ya uwanja. Pembeni wanakuachia. Piga krosi, karibu, ndani kuna Ben Mee na Tarkowski, hiyo ndiyo chakula yao. Ukiona krosi hazilipi unaamua kupiga shuti kutoka mbali, na hapo unakuta miguu mitatu mbele yako na Pope anauona mpira vizuri. Wataalamu wa takwimu walihangaika na Burnley ile, maana hesabu zao za magoli tarajiwa zilisema timu hii ilipaswa kufungwa mengi zaidi. Hesabu zilihesabu mashuti. Sijui kama zilihesabu watu waliosimama njiani. Hata wenye baa mjini walielewa mapema: moja ikabadilishwa jina ikaitwa The Royal Dyche.

Mashabiki wa Liverpool wanaobisha niwakumbushe Januari 2021. Mechi 68 za ligi nyumbani kwao Anfield bila kupoteza, akaja nani kuzimaliza? Penalti ya Barnes, moja bila. Barnes yule yule wa Januari 2014.

Sasa, mimi si mganga wa kumsafisha mtu, yapo yaliyomshinda. Burnley walimtimua Aprili 2022 zikiwa zimebaki mechi nane, na japo walishuka bila yeye, kikosi kile kilikuwa kimezeeka mikononi mwake. Everton aliwaokoa siku ya mwisho mwaka 2023 kwa shuti la Abdoulaye Doucouré dhidi ya Bournemouth. Msimu uliofuata wakakatwa pointi 10 kwa kuvuka kikomo cha hasara, zikapunguzwa kuwa sita, wakaongezewa adhabu ya mbili, na bado akawamaliza wa 15, huku akiwa amewafunga Liverpool, mahasimu wao wa mji mmoja, 2-0 nyumbani Goodison, ushindi wa kwanza wa dabi nyumbani tangu 2010. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko hata ile ya kumaliza wa saba na Burnley. Lakini msimu wa tatu magoli yalikauka. Ilifika mahali mpira unatoka kwa kipa, unaruka, unarudi, unaruka tena, na mimi mtetezi wake nikawa nachezea simu. Januari 2025 wakamwondoa saa chache kabla ya mechi ya Kombe la FA. Akaja David Moyes, na wachezaji karibu wale wale, akamaliza wa 13. Hapo sina utetezi. Kikosi kilikuwa na zaidi ya alichokitumia, naye hakukiona, kwa sababu mtu aliyezoea kuhesabu senti hata akipewa noti huikunja na kuificha.

Ila usiniambie hajui mpira. Sema amejua mpira wa aina moja, kwa undani ambao makocha wengi wa suti nzuri hawataufikia. Wangapi kati yao wangeweza kuichukua Everton ya Januari 2023, kikosi kile kile, bila senti ya usajili, na kuibakisha?

Oktoba 2025 simu ilimwita tena, safari hii ni Nottingham Forest. Klabu iliyomtoa na mguu uliovunjika miaka 35 nyuma ilikuwa imepoteza dira, ikamtafuta yule beki ambaye haikuwahi kumpanga. Mechi ya kwanza, Europa League, wakamfunga Porto mbili bila. Mwezi uliofuata wakaenda Anfield wakashinda tatu bila.

Nilikwenda kibandani baada ya mechi ile ya Anfield kumtafuta jamaa wa jezi isiyo na namba. Alikuwepo, benchi lile lile. Nilipotamka tu jina la Dyche akasema kaka, tuangalie mechi. Soda yangu ya 2023 hadi leo hajanilipa.