Minyoo ya kuwasha usiku: mzigo wa shule au wa nyumbani?

Juzi kwenye grupu la wazazi wa darasa la kwanza watu nusura wagombane. Mama mmoja kaandika mwanae anawashwa huku nyuma kila usiku, kammulika na tochi ya simu kaona viminyoo vyeupe kama vipande vya uzi, sasa shule inafanya nini? Akajibiwa papo hapo: dada, huo ni uchafu wa kwako usimsingizie mwalimu. Mi nikanyamaza maana kwangu vimeshapita mara mbili na nyumba nadeki kila siku.

Kwa kweli huyo wa pili kakosea. Minyoo hii haitoki kwenye udongo kama ya safura, wala kwa paka, inaishi kwa binadamu tu. Jike linatoka usiku kutaga pale panapotokea haja kubwa, mtoto anajikuna, mayai yanabaki kwenye kucha, asubuhi anamegeana andazi na mwenzake wa dawati na mayai yanataka masaa machache tu yawe tayari kuambukiza. Kwa hiyo hata wa geti kali anaipata.

Ila na wa kwanza naye anaitegemea mno shule. Anasema si kuna siku ya dawa za minyoo na kichocho, wameze yaishe. Haiishi. Albendazole, ile dawa ya shuleni, inaua minyoo hii lakini mayai haiyagusi, ndo maana unarudia baada ya wiki 2, na nyumba nzima mnameza siku moja. Shule inampa mwanao mmoja tembe moja ya kutafuna, anarudi analala shuka moja na wadogo zake wasiomeza na mayai kwenye shuka yanaweza kukaa hata wiki 2, baada ya wiki kadhaa anajikuna tena, mzazi anasema dawa za serikali feki. Sio feki jamani, mpango ule ulilenga minyoo mingine.

Kwa hiyo mi naona cha maana shuleni ni taarifa kuliko tembe. Watangaze siku ya dawa mapema ili na sisi huku tumeze siku hiyohiyo (mjamzito aulize kwanza kliniki), na wasimrudishe mtoto nyumbani kisa minyoo. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kiwe na sabuni, sio kining'inie tu kwa ajili ya wakaguzi. Hapo walimu wanalalamika na wana haki, mmoja ana watoto 80 halafu umfanye nesi, na sabuni anunue nani? Tutachangishwa tena. Bibi yangu minyoo alikuwa anaiita mchango, basi utakuwa mchango wa mchango.

Kukagua kucha nakubali, ila sio ile ya kumtoa mtu mbele mstarini. Wangu alichekwa hivyo, akakaa wiki 2 anawashwa bila kuniambia, anajikunia ndani ya shuka, nikaja kushtuka mdogo wake naye halali.

Jana yule mama kaandika wamemeza wote, hadi baba watoto aliyekuwa anagoma, shuka na chupi zimefuliwa zimeanikwa juani, tarehe ya kurudia kaiandika kwenye kalenda ya ukutani. Yule aliyemsema uchafu kanifuata inbox, anauliza dozi ya mtu mzima ni ngapi.