Moingona hakuna treni tena

Nimezaliwa Kaliua, pale Reli ya Kati inapogawanyika, njia moja ikienda Kigoma na nyingine Mpanda. Sasa naishi Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, na Jumapili nilikwenda kaunti ya Boone kuiona stesheni ya kijiji kiitwacho Moingona.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1881 mafuriko yalivunja daraja la kijito cha Honey Creek, injini ikatumbukia na watu wanne. Kate Shelley, msichana mzaliwa wa Ireland, mtoto wa wahamiaji kama watoto wetu hapa, alijua kuna treni ya abiria inakuja. Alitoka na taa, ikazimika njiani. Akavuka daraja la mto Des Moines kwa mikono na magoti, akipapasa mataruma gizani, mpaka akafika Moingona na kutoa habari. Treni ikazuiwa, na wawili wa ile injini wakaokolewa. Mwaka 1903 akapewa kazi ya kusimamia stesheni hiyohiyo, alifariki 1912.

Linalonigusa ni hili: alikimbilia stesheni kwa sababu alijua pale kuna mtu yuko macho.

Stesheni ile haipo. Mwaka 1901 lilikamilika daraja refu upande wa kaskazini, njia kuu ikahamia huko, Moingona ikabaki pembeni. Jengo la makumbusho lililopo leo ni stesheni ya kampuni nyingine ya reli, Rock Island, iliyobebwa ikawekwa palepale. Rock Island nayo ilifilisika, treni zake zikasimama 1980. Nilizunguka nyumba ile mara mbili. Stesheni imehama kwao kama nilivyohama mimi.

Zamani Iowa ilikuwa na reli zaidi ya kilomita 16,000. Leo zimebaki kama 6,000. Stesheni zilikaribiana ili mkulima apeleke nafaka kwa gari la farasi na kurudi siku hiyohiyo. Yakaja magari na malori, na 1967 posta ikaondoa barua nyingi kwenye treni, ikapotea pesa iliyokuwa ikizibeba treni za abiria. Kule Madrid, kaunti hiyohiyo ya Boone, reli imeng'olewa, ni njia ya baiskeli. Mjini Boone watu wa kujitolea wanaendesha treni ya matembezi, na wanayo injini ya mvuke iliyonunuliwa China 1989. Nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini treni za mizigo zinapita Boone usiku na mchana, makontena juu ya makontena, na hakuna hata moja unayoweza kuikatia tiketi.

Kwetu, treni ya Kigoma ikiingia usiku, vibatari vinakimbia kandokando ya mabehewa. Asali kwenye chupa za maji, karanga kwenye vikombe, kuku wamefungwa miguu. Mama yangu alitusomesha kwa mayai ya kuchemsha na chumvi ya Uvinza iliyofungwa kwenye vipande vya gazeti. Anayepeleka mgonjwa Tabora, anayesubiri barua, anayetafuta habari za msiba, wote walianzia kwa stesheni masta.

Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na reli mpya inajengwa kuelekea kwetu. Nimefurahi kama Mtanzania yeyote. Ila treni ya kasi haiwezi kusimama kila kijiji, na hapo ndipo roho yangu inapodunda. Ndugu zangu, treni ya kusimama Usoke, Usinge na Nguruka ibaki kwenye reli ya zamani, hata ikiwa ya mabehewa manne. Tumeshaona kusini: reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa mradi wa karanga, ilifungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Kijana wa Nachingwea leo umwonyeshe nini?

Wakati naondoka Moingona nilisikia honi ya treni ya mizigo kutoka upande wa daraja refu. Nikampigia mama. Kwao ilikuwa usiku tayari, na hakutaka maneno mengi: treni inategemewa kabla ya alfajiri, mayai yako jikoni, na mafuta ya kibatari alikuwa bado hajatia.