Choo Kikijaa, Kinyesi Huenda Wapi?

Tarehe 9 Desemba 2015 hapakuwa na gwaride la Uhuru. Rais John Magufuli, aliyekuwa na mwezi mmoja tu madarakani, alifuta sherehe hizo na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, kwa kuwa kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti kilikuwa kimeshafika mikoani. Naye mwenyewe akaonekana akizoa taka karibu na Ikulu. Agizo lile niliona ni la busara na bado naona hivyo. Ila picha iliyobaki vichwani mwetu ni ya ufagio, reki na toroli, ilhali kipindupindu hakikai kwenye majani makavu wala mifuko ya plastiki. Vimelea vyake hutoka katika kinyesi cha aliyeambukizwa, na mwingine humpata pale tu vinapoingia kinywani mwake kwa maji, chakula au mikono. Mitaa ilifagiliwa, mashimo ya vyoo yakabaki yamejaa, na mwaka uliofuata idadi ya wagonjwa nchini ikavuka 20,000.

Katika habari ya vyoo sisi tumezoea kuhesabu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na vijijini watu wakachimba vyoo kwa wingi. Miaka ya karibuni tumekuwa na Nyumba ni Choo, yenye lengo lile lile la kila kaya kuwa na choo bora. Sizibezi kampeni hizo, kwa sababu mahali ambapo watu hujisaidia porini choo cha kwanza ni hatua kubwa. Lakini kwa mji kama Dar es Salaam, ambako ni nadra kukuta nyumba isiyo na choo cha namna fulani, kumuuliza mtu kama anacho choo hakutuambii jambo la maana. La kumuuliza ni hili: shimo likijaa, kilichomo kinakwenda wapi?

Wakazi wa Manzese, Vingunguti au Tandale wanalijua jibu. Chukua nyumba ya vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake na watoto wake, na choo kimoja uani ambacho shimo lake lilichimbwa zamani kwa ajili ya familia ya mwenye nyumba peke yake. Gari la kunyonya majitaka halipenyi kwenye vichochoro, na hata likikaribia, malipo ya safari moja ni mzigo mzito kwa watu wanaolipa kodi kwa kuungaunga. Mwenye nyumba naye anaishi kwingine na huonekana siku ya kodi. Basi inasubiriwa masika. Mvua kubwa ikianza usiku, tundu lililozibwa ubavuni mwa shimo huzibuliwa, na mafuriko yakabeba kila kitu. Huko ndiko kutapisha choo, jambo ambalo kila mtaa unalilaani na kila mtaa una wanaolifanya. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, vyoo hujengwa vikiwa vimeinuliwa, vya kupanda ngazi, na kwa bahati mbaya ujenzi huo hurahisisha kutapisha, kwa kuwa sehemu ya shimo tayari iko juu ya usawa wa uwanja.

Kilichotapishwa hakipotei. Kinapita uwanjani ambako watoto watacheza kesho yake, kinaingia kwenye visima vifupi, kinateremka hadi bonde la Msimbazi ambako mboga hulimwa. Hata maji ya bomba hayako salama: yakikatika kwa mgao, msukumo ndani ya bomba hushuka, na penye ufa bomba hufyonza maji machafu yaliyolizunguka, ambayo huja kumtokea mtu wa kwanza atakayefungua koki. Mayai ya minyoo ya tumbo nayo huweza kukaa udongoni kwa miaka yakiwa hai. Kwa hiyo familia iliyojenga choo cha vigae, chenye maji na sabuni mlangoni, bado inakula kinyesi cha jirani, nami sioni sababu ya kulisema jambo hili kwa maneno laini zaidi.

Utafiti mkubwa uliofanyika magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga, na kuchapishwa mwaka 2018, ulinifanya nifikiri upya. Kaya ziliboreshewa vyoo, nyingine zikapewa dawa ya kutibu maji au vifaa vya kunawia mikono, nyingine vyote pamoja, na bado kuhara kwa watoto hakukupungua. Utafiti wa mpango huo huo nchini Bangladesh ulionyesha kuhara kumepungua, kwa hiyo si haki kusema vyoo havina faida. Ninavyouelewa mimi, kaya moja haiwezi kujikinga peke yake mahali ambapo ardhi, maji na mifugo ya eneo zima vimechafuka.

Kuna jambo lingine tunalolifumbia macho nyumbani kwetu. Kinyesi cha mtoto mchanga wengi wetu hukiona kitu kisicho na madhara. Hufutwa kwa kitambaa kinachosuuzwa kwenye beseni la vyombo, au pempasi ikatupwa mtaroni. Watoto wadogo ndio wanaougua kuhara mara nyingi zaidi, hivyo ndio wanaotoa vimelea kwa wingi. Poti la mtoto limwagwe chooni, na aliyemsafisha anawe kwa sabuni kabla ya kugusa sufuria. Kibuyu chirizi, yaani kidumu kinachoning'inizwa na kutoa maji kidogo kidogo, kinatosha kwa kazi hiyo.

Kuhusu mashimo yaliyojaa, sikubaliani na wanaotaka faini peke yake. Kumtoza faini mpangaji kwa shimo asilolimiliki, katika kichochoro ambacho gari halifiki, ni kukusanya fedha tu. Faini imfuate mwenye nyumba, na kabla yake huduma iwepo. Dar es Salaam imeshajaribu pampu za mkono zinazopita penye njia nyembamba, tope likabebwa kwa mapipa hadi mahali pa kulitibu, kwa hiyo ufundi si mgeni kwetu. Kilichokosekana ni utaratibu wa malipo ambao maskini anaumudu. Mimi ningependekeza kila chumba kichangie kidogo kila mwezi pamoja na kodi, mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wakiwa na orodha ya nyumba ambazo mashimo yake yamekaribia kujaa. Orodha hiyo iwe tayari mwezi Februari, na mashimo yanyonywe kabla ya mvua za Machi, badala ya kusubiri hadi kambi za wagonjwa wa kipindupindu zifunguliwe ndipo tuanze kugawa vidonge vya kutibu maji.