Mwanga Kuugusa Mwanga: Je, Chemba za Niobi Zinatosha?

Kwa milinganyo ya Maxwell, kanuni za kale za umeme na sumaku, mawimbi mawili ya mwanga yakikutana kwenye ombwe (nafasi tupu kabisa) hupishana salama, kila moja likashika njia yake. Mwaka 1936 wanafizikia Werner Heisenberg na Hans Euler walionyesha kwamba sivyo kabisa: jozi zisizodumu za elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) huufanya mwanga uuguse mwanga mwenzake, ila kidogo mno. Athari hiyo hukomaa pale tu uga wa umeme unapokaribia volti bilioni bilioni moja kwa mita.

Mwaka 2001 wanafizikia Brodin, Marklund na Stenflo walipendekeza njia ya kuinasa maabara. Jaza chemba ya metali mawimbi ya masafa mawili, yaani yenye idadi mbili tofauti za mitikisiko kwa sekunde. Ombwe likiyachanganya, litazaliwa wimbi la tatu, ambalo masafa yake ni mara mbili ya la kwanza ukitoa ya pili. Chemba ikipimwa vizuri, wimbi hilo nalo hupata makao humo, likajirundika badala ya kupotea. Niobi, metali ambayo ikipozwa hadi karibu na sifuri halisi (baridi ya mwisho kabisa) hupitisha umeme bila ukinzani, hutunza nishati kiasi kwamba wimbi hutikisika zaidi ya mara bilioni moja kabla ya kufifia. Hoja hii ni nzito, nami naikubali.

Lakini niobi ina kikomo. Uga wa sumaku kwenye kuta ukizidi takriban tesla 0.2, metali hiyo hupoteza uwezo wake wa kupitisha umeme bila ukinzani. Kwa hiyo ndani ya chemba tunaishia makumi ya mamilioni ya volti kwa mita, yaani zaidi ya mara bilioni kumi chini ya kiwango nilichokitaja. Baya zaidi, kuta zenyewe huyachanganya mawimbi, na huweza kuzaa wimbi lilelile la tatu tunalolitafuta.

Hatari ya kudanganywa na mitambo si ya kufikirika. Mwaka 2006 kundi la PVLAS la Italia, lililoitafuta athari hii kwa mwanga na sumaku, lilitangaza kwamba uga wa sumaku umeupindua mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga. Walipoboresha vifaa, ishara ikatoweka, nao wakasema hivyo hadharani. Nawaheshimu sana kwa hilo. Matokeo yao ya mwisho, ya mwaka 2020, yalitumia vioo viwili vilivyoachana mita 3.3 na sumaku za tesla 2.5, hata hapo kelele zilizidi athari iliyotabiriwa kwa takriban mara saba.

Wapo wanaouliza tunahangaikia nini, ilhali jaribio la ATLAS huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, lilikwisha kuona mwanga ukitawanya mwanga, ushahidi wa kwanza mwaka 2017 na uthibitisho mwaka 2019, viini vya atomi za madini ya risasi vilipopitana kwa karibu. Siridhiki na jibu hilo. Fotoni (chembe za mwanga) za kule zina nishati ya mabilioni ya elektronivolti, kipimo cha nishati ya chembe. Za chemba zina sehemu chache tu za milioni za elektronivolti moja. Chembe nyepesi isiyojulikana bado, kama aksioni, ingeweza kujificha kule na kujitokeza huku.

Basi chemba zijengwe, lakini kwa sharti. Ishara ya kuta nayo hukua jinsi ileile nguvu ya mawimbi inavyoongezwa, kwa hiyo kuongeza nguvu peke yake hakuthibitishi chochote. Badili joto la niobi, ing'arishe upya, kisha pima tena: kilichozaliwa kutani kitabadilika, na kilichozaliwa ombweni kitabaki, ukishahesabu nishati inayopotea.